Mstari wa Mguu: Namna Goti Bandia Linavyopangwa

Upasuaji wa kubadilisha goti ni tiba ambayo ndani yake ncha mbili za mifupa zilizolika, yaani ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya muundi, hukatwa kwa msumeno na kuvikwa vipande vya chuma, na kati ya vipande hivyo huwekwa plastiki ngumu inayochukua nafasi ya gegedu, lile tabaka jeupe lenye utelezi ambalo kwa mtu mwenye afya huizuia mifupa isisagane. Kwa maelezo hayo mafupi kazi huonekana kuwa ni kuvua kibovu na kuvika kizima, na ndivyo wagonjwa wengi wanavyoielewa. Lakini wanaoifanya wanajua kwamba kukata mfupa si jambo kubwa, na kwamba hali ya goti jipya, tangu siku mgonjwa anaposimama kwa mara ya kwanza hadi miaka ishirini baadaye, hutegemea kwa sehemu kubwa pembe ambazo vipande hivyo vimekazwa nazo, pembe zenye kupishana kwa kiasi ambacho jicho tupu halikioni.

Mtaa wa Kikwajuni, ulio jirani na viwanja vya Mnazi Mmoja nje kidogo ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, unafaa kuwa mahali pa kulitazamia jambo hili, kwa kuwa maisha ya hapo hulitaka goti lifanye kazi zake zote. Katika majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na ya Michenzani, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, watu hupanda na kushuka ngazi kwa miguu kila siku. Ndani ya nyumba hukaliwa mkekani, mpishi hukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, choo cha kuchutama bado kinatumika, na Mwislamu anayesali sala tano hulikunja goti lake karibu na mwisho wa uwezo wake kila anaposujudu na kila anapokaa baina ya sijda mbili. Watafiti wa hospitali ya Charité ya Berlin, ambao waliweka vipimamzigo ndani ya magoti bandia ya wagonjwa na kuchapisha matokeo yao mwaka 2010, walikuta kwamba mtu anapotembea mahali tambarare goti hubeba mzigo unaofikia takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili, anapopanda ngazi mara 3.2, na anaposhuka karibu mara 3.5. Mama wa kilo 80 anayeshuka kutoka ghorofa ya nne kwenda sokoni huliwekea goti lake, kwa kila hatua, mzigo unaozidi kilo 270, na anayedhani kwamba kushuka ni kupumzika basi goti lake lina maoni tofauti.

Maumivu yakianza, matibabu kwa kawaida huanzia nyumbani, kwa kuchuliwa mafuta ya karafuu, kwa kupigwa chuku, na kwa vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa katika maduka ya dawa, na mara nyingi hupita miaka kabla mgonjwa hajafika kwa daktari wa mifupa. Wanaohitaji upasuaji mkubwa wa viungo wamezoea kuvuka bahari, ama kwa boti ya saa mbili hivi hadi Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, hubadilisha nyonga na magoti, ama kwa ndege hadi India kwa mwenye uwezo au aliyepata rufaa. Ucheleweshaji huo si habari ya pembeni katika mada hii, kwa sababu goti lililosubiri miaka kumi hufika kwenye meza ya upasuaji likiwa limepinda, na goti lililopinda sana ndilo gumu kuliko yote kulipanga.

Ili kuelewa kupinda huko, ni lazima kwanza kufahamu kwamba mguu ulionyooka si mguu ambao mifupa yake imefuatana katika mstari mmoja. Mfupa wa paja hauteremki wima kutoka kwenye nyonga; kichwa chake, ambacho ni mviringo unaokaa ndani ya tundu la nyonga, kimetokeza upande wa ndani kwa shingo fupi, na shina lake hushuka kwa mshazari kutoka nje kuelekea ndani hadi gotini. Kwa hiyo madaktari hutofautisha mistari miwili, mmoja unaofuata shina la mfupa wenyewe, na wa pili, unaoitwa mhimili wa mzigo, unaochorwa moja kwa moja kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja hadi katikati ya kifundo cha mguu bila kujali mifupa imepitia wapi. Baina ya mistari hiyo miwili, katika sehemu ya paja, kwa watu wengi pana pembe ya digrii 5 hadi 7, digrii moja ikiwa ni sehemu moja ya 360 za duara. Mhimili wa mzigo ukipita karibu na katikati ya goti, pande zake mbili hugawana mzigo, ingawa hata kwa mtu mwenye afya upande wa ndani hubeba zaidi. Mhimili ukisogea na kupita upande wa ndani wa goti, mguu huwa na matege. Na ukisogea nje, magoti hugongana mtu anaposimama.

Matege na kulika kwa gegedu hulishana. Mguu wenye matege huuelemeza mzigo upande wa ndani wa goti, gegedu ya upande huo huliwa upesi, na kadiri inavyopungua ndivyo mguu unavyozidi kuinama na mzigo kuzidi kuelemea pale pale palipokwisha kuharibika, mpaka mfupa unagusana na mfupa na kano za upande wa ndani, yaani zile kamba ngumu zinazofunga mfupa mmoja na mwingine, zinasinyaa huku za upande wa nje zikivutika. Goti bandia haliko nje ya kanuni hiyo. Likikazwa huku mguu umeachwa na matege makubwa, plastiki yake huliwa upande mmoja kama tairi la gari lisilofanyiwa alaimenti, chuma kilichoshikwa juu ya muundi kwa saruji ya mifupa huanza kucheza, na mgonjwa hurudi hospitali kwa upasuaji wa pili ambao ni mrefu zaidi, wa gharama zaidi na wenye mfupa mchache zaidi wa kushikia.

Historia inaeleza kwa nini jambo la pembe lilichelewa kushika nafasi yake. Mwaka 1890 mjini Berlin, daktari Themistocles Gluck alimwekea msichana wa miaka 17, ambaye goti lake lilikuwa limeharibiwa na kifua kikuu, bawaba iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Ni mwaka huo huo ambao Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ulioiweka Zanzibar chini ya himaya ya Waingereza, wakati Unguja ikiwa ndiyo soko kuu la pembe za ndovu katika Afrika Mashariki. Maambukizi yaliiangusha kazi ya Gluck, lakini hata bila ya maambukizi, bawaba ilikuwa na kasoro yake ya asili, kwa kuwa hujua kufunga na kufungua tu, ilhali goti hukunjika, huteleza na hujizungusha kidogo kwa wakati mmoja, na bawaba inayolazimishwa kufanya yasiyo yake hung'oka mfupani. Mwaka 1968 daktari wa Kanada Frank Gunston, akifanya kazi katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, aliweka goti lisilo na bawaba, na mwaka 1974 katika Hospital for Special Surgery ya New York likawekwa goti lililobuniwa na John Insall, Chitranjan Ranawat na Peter Walker, ambalo ndilo mzazi wa karibu magoti yote yanayotumika sasa. Katika muundo huo kipande cha juu na cha chini havikufungwa pamoja kwa kitu chochote. Kinachovishika visiachane ni kano za mgonjwa mwenyewe na uzito wake. Uhuru huo uliliwezesha goti bandia kutembea kama goti, na papo hapo ukauhamishia mzigo wa usahihi mkononi mwa mpasuaji, kwa maana bawaba ikikaa upande huvumilia kwa muda, bali vipande viwili vilivyolegezewa hufuata kila kosa la pembe.

Kanuni aliyoiandama Insall, na ambayo imefundishwa kwa wapasuaji wa vizazi viwili, ni kwamba mfupa wa paja na muundi yote hukatwa kwa pembe mraba, digrii 90, dhidi ya mhimili wa mzigo, ili baada ya upasuaji mstari kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu upite katikati ya goti, na kupishana kusizidi digrii 3 upande wowote. Kwa kuwa mpasuaji hawezi kuiona nyonga, iliyofunikwa kwa nyama na shuka za upasuaji, hutoboa tundu katikati ya ncha ya mfupa wa paja, hupitisha ufito mrefu wa chuma ndani ya uwazi wa mfupa, na juu ya ufito huo hufunga kiongozi cha msumeno kilichopindishwa kwa ile tofauti ya digrii 5 hadi 7 iliyopimwa kabla katika picha ya eksirei. Kwa muundi ufito hukaa nje, sambamba na ukingo wa mfupa unaopapasika chini ya ngozi, na huelekezwa katikati ya kifundo cha mguu.

Hesabu ndogo huonyesha jinsi nafasi ya kukosea ilivyo finyu. Uso wa juu wa muundi una upana wa sentimita saba na nusu hivi. Msumeno ukiinama kwa digrii moja tu, upande mmoja hukatwa zaidi ya mwingine kwa milimita 1.3, na ukiinama kwa digrii 3, tofauti hufika milimita 4 na kifundo cha mguu, kilicho sentimita 40 chini yake, husogea kwa sentimita 2. Ubapa wa msumeno wenyewe, ukikutana na mfupa mgumu wa upande uliobeba mzigo kwa miaka mingi, hupenda kuteleza kuelekea juu. Ndiyo maana mpasuaji mzoefu hukata, kisha hupima alichokikata, kisha hukata tena unene wa karatasi, na dakika zinazotumika hapo si za kuhesabiwa kuwa uzembe.

Utafiti uliochapishwa nchini Uingereza mwaka 1991, uliofuatilia magoti 115, ndio uliotiliwa nguvu sana katika kuitetea kanuni hii: pale mhimili wa mzigo ulipopita theluthi ya katikati ya goti bandia, magoti yaliyolegea yalikuwa asilimia 3, na pale ulipopita nje ya theluthi hiyo, yalikuwa asilimia 24. Goti lililochunguzwa lilikuwa la muundo wa miaka ya 1970, na jambo hilo litarejewa.

Goti likitazamwa kwa ubavu, uso wa muundi haukulala bapa, bali una mteremko kuelekea nyuma, na mpasuaji hulazimika kuacha mteremko wa digrii chache, kwa kawaida zisizozidi 7, kwa sababu uso ulioinuliwa kwa nyuma huligomesha goti kukunjika na uso ulioteremka mno huliacha liteleze.

Mambo mazito zaidi yapo katika msokoto, yaani namna kila kipande kilivyogeuzwa kuelekea ndani au nje kikitazamwa kutoka juu, na hapa ndipo penye chanzo cha wagonjwa wengi ambao picha yao ya kawaida ya eksirei inaonekana nzuri lakini goti linauma. Picha ya mbele huonyesha matege, picha ya ubavu huonyesha mteremko, lakini msokoto haupimiki katika yoyote kati ya hizo. Huhitaji skani ya CT inayoukata mguu vipande vyembamba kwa picha. Kilichomo hatarini ni pia ya goti, lile fupa la mviringo linaloelea mbele ya kiungo ndani ya kano ya misuli ya paja, ambalo kila goti linapokunjwa huteleza ndani ya mfereji uliopo katika ncha ya mfupa wa paja. Kipande cha juu kikigeuzwa ndani kidogo, mfereji huo hugeuka nacho, na pia ya goti, inayoendelea kuvutwa na misuli katika njia yake ya zamani, huanza kukwaruza ukingo wa nje. Richard Berger na wenzake walionyesha mwaka 1998, kwa kuwapima kwa CT wagonjwa wenye matatizo ya pia ya goti, kwamba ubaya wa tatizo ulilingana na jumla ya msokoto wa ndani wa vipande vyote viwili: digrii 1 hadi 4 zilihusiana na pia inayoelemea upande, digrii 3 hadi 8 na pia inayotoka njiani kwa sehemu, na digrii 7 hadi 17 na pia iliyochomoka kabisa au kipande chake kilichoharibika.

Ili kukwepa kosa hilo, wapasuaji hutumia alama zilizomo mfupani penyewe. Iliyo nyepesi kuliko zote ni mstari unaogusa migongo ya vichwa viwili vya chini vya mfupa wa paja, ambavyo hukanyaga muundi goti linapokunjwa; kipande cha chuma hugeuzwa nje kwa digrii 3 kutoka kwenye mstari huo, kwa kuwa uso wa asili wa muundi nao umeinama kwa takriban digrii 3, na uso huo ukikatwa mraba lazima tofauti ifidiwe upande wa pili. Vyombo vingi vya upasuaji vina digrii 3 hizo zilizokwisha kuchongwa ndani yake, na humo mna mtego, maana kwa mgonjwa mwenye magoti ya kugongana kile kichwa cha nje mara nyingi kimelika au kimekua kidogo tangu utotoni, na anayekipimia humo huku akiamini kwamba amegeuza nje huwa, kwa kweli, amegeuza ndani. Kwa hiyo huangaliwa pia mstari unaounganisha vinundu viwili vya pembeni ambavyo kano za goti zimeshikia, na mstari ulioelezwa na Leo Whiteside na mwenzake mwaka 1995, unaofuata kina cha mfereji wa pia ya goti kutoka mbele kwenda nyuma. Kwa muundi, kipande cha chini huelekezwa kwenye theluthi ya ndani ya kile kinundu kinachopapasika chini kidogo ya pia ya goti. Alama moja ikipingana na nyingine, kama inavyotokea mara kwa mara, hakuna chombo kinachoamua badala ya mpasuaji.

Mifupa ikishakatwa hubaki kazi ya kano. Baina ya paja na muundi hutakiwa nafasi iliyo sawa kwa pande zote mbili, goti likiwa limenyooka na likiwa limekunjwa digrii 90, ili plastiki ya unene ule ule ikae bila kubana na bila kuchezacheza. Kwa mgonjwa aliyekaa na matege muda mrefu, kano za ndani zilizosinyaa hulazimika kulegezwa kidogo kidogo kutoka mfupani, na hapa ndipo ucheleweshaji uliotajwa mwanzo unapotoza gharama yake, kwa sababu kila kulegeza hubadilisha nafasi zote mbili kwa viwango tofauti.

Kanuni ya pembe mraba ilitawala bila ya mpinzani wa maana mpaka pale watu walipoanza kuuliza ni nani aliyesema kwamba kila mwanadamu amezaliwa na mguu wa digrii sifuri. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake wa Ubelgiji walichapisha vipimo vya vijana 250 wasio na ugonjwa wowote wa magoti, wakakuta asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake wana matege ya asili ya digrii 3 au zaidi. Kwa watu hao, kuinyoosha miguu hadi sifuri si kuirudisha ilivyokuwa, bali ni kuipa hali ambayo haijapata kuwa nayo, na kano zao hulazimika kukatwakatwa ili zikubali. Miaka miwili kabla, Sebastien Parratte na wenzake wa Mayo Clinic ya Marekani walikuwa wametoa matokeo ya magoti 398 ya kisasa yaliyofuatiliwa kwa miaka 15, ambayo yaliwashangaza wengi: yaliyorudiwa kupasuliwa yalikuwa asilimia 15.4 ya yale yaliyokuwa ndani ya mpaka wa digrii 3, na asilimia 13 ya yale yaliyotoka nje yake, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu. Plastiki bora na miundo mipya, ikilinganishwa na ile iliyopimwa mwaka 1991, ilikuwa imeanza kusamehe makosa madogo.

Kutokana na mawazo hayo ilienea njia inayohusishwa na Stephen Howell wa California, ambayo humkatia kila mgonjwa unene ule ule wa mfupa na gegedu utakaojazwa na chuma, ili mguu urudi katika umbo alilokuwa nalo kabla ya ugonjwa, yakiwa matege ni matege. Wanaoipenda husema kano hazihitaji kuguswa; wanaoihofia hukumbusha kwamba matege yenyewe huenda ndiyo yaliyolila goti la kwanza. Wengine wamechagua katikati, wakiufuata mguu wa mgonjwa lakini wakikataa kuvuka mipaka waliyojiwekea. Kwa mazingira ya Afrika Mashariki hoja ya wanaohofia ina uzito wa pekee, si kwa sababu njia mpya ni mbaya, bali kwa sababu hudai kujua mguu wa mgonjwa ulikuwaje kabla ya kuugua, na kwa mtu aliyefika akiwa na matege ya digrii 20 na mfupa uliosagika, maarifa hayo huwa ni ya kukisia. Kwa mgonjwa wa namna hiyo kanuni ya zamani bado ni mahali salama pa kuanzia.

Mashine nazo zimeingia katika mjadala. Mwezi Januari 1997 mjini Grenoble, Ufaransa, Dominique Saragaglia na wenzake walifanya upasuaji wa kwanza wa kubadilisha goti kwa kuongozwa na kompyuta, ambapo kamera hufuata alama zilizofungwa kwenye mifupa, mguu huzungushwa ili kompyuta itafute yenyewe kitovu cha nyonga, na pembe ya kila mkato huonyeshwa kwenye skrini kabla msumeno haujagusa mfupa. Roboti za siku hizi zimeongeza mkono unaoushika msumeno usitoke njiani. Kwamba vyombo hivi hupunguza magoti yaliyopangwa vibaya si jambo lenye ubishi. Kinachobishaniwa ni faida anayoipata mgonjwa. Daftari la kitaifa la viungo bandia la Australia lilionyesha katika taarifa ya mwaka 2015 kwamba, kwa wagonjwa walio chini ya miaka 65, waliorudi kupasuliwa ndani ya miaka 9 walikuwa asilimia 6.3 pale kompyuta ilipotumika na asilimia 7.8 pale isipotumika. Hiyo ni faida ya kweli, lakini ni ndogo mno kuiagizia roboti hospitali ambayo bado inapigania damu salama, chumba cha upasuaji chenye hewa safi na wataalamu wa kutosha wa mazoezi ya viungo. Lipo, hata hivyo, kundi moja ambalo kompyuta kwake si anasa: waliowahi kuvunjika paja, wengi wao kwa ajali za bodaboda, wakaungwa kwa mfupa uliopinda au wakabakiwa na chuma ndani ya uwazi wake, kwa sababu ufito wa kawaida kwao ama haupiti kabisa ama hupita na kudanganya.

Swali ambalo mgonjwa wa Unguja huliuliza kabla ya mengine yote halihusu roboti wala mhimili, bali ni kama ataweza kusali kama zamani. Goti bandia lililofanikiwa kwa kawaida hukunjika digrii 110 hadi 125, kiasi kinachotosha kutembea, kupanda ngazi na kuinuka kitini, lakini kukaa baina ya sijda mbili hutaka zaidi ya digrii 130. Mpango mzuri wa vipande husaidia, hasa mteremko wa muundi na nafasi iliyo sawa goti linapokunjwa. Hata hivyo kinachoamua kuliko vyote ni kiasi ambacho goti lilikuwa likikunjika kabla ya upasuaji, na hapo tena aliyechelewa hupungukiwa. Wapo wanaorudi mkekani, na wapo wengi wanaosalia juu ya kiti, jambo ambalo sheria ya Kiislamu inalipa nafasi kwa mwenye udhuru. Mgonjwa anastahili kuelezwa hivyo waziwazi kabla ya kutia saini, kuliko kuahidiwa goti la ujana na kukatishwa tamaa nalo.

Chombo kinachostahili kupewa kipaumbele kabla ya roboti ni cha hali ya chini sana, nacho ni picha ndefu ya eksirei inayopigwa mgonjwa akiwa amesimama, ikiushika mguu mzima kutoka nyonga hadi kifundo. Picha fupi ya goti peke yake, ambayo ndiyo hupigwa mara nyingi, haionyeshi kichwa cha mfupa wa paja, na bila ya kichwa hicho mhimili wa mzigo hauwezi kuchorwa, wala ile pembe ya digrii 5 hadi 7 haiwezi kupimwa isipokuwa kwa kubahatisha. Mashine zisizo na filamu ndefu zinaweza kupiga picha mbili au tatu na kuziunganisha. Linalotakiwa ni kwamba pia za magoti zote mbili zitazame mbele, kwa kuwa mguu uliogeuzwa hata kidogo huonekana kuwa na matege usiyokuwa nayo au huficha yaliyopo. Picha hiyo hupigwa kabla ya upasuaji kwa ajili ya kupanga, na hupigwa tena baadaye kwa ajili ya kujua kilichofanyika.

Nchi zilizoamua kuweka kumbukumbu za kila goti zimefaidika nazo: Sweden ilianzisha daftari lake la magoti mwaka 1975, Malawi ikaanzisha la viungo bandia mwaka 2005, ikionyesha kuwa jambo hilo halihitaji utajiri, na takwimu za madaftari ya namna hiyo ndizo zilizowezesha kuandikwa mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 82 ya magoti bandia kamili hudumu miaka 25. Kwa mgonjwa anayevuka kutoka Dar es Salaam kurudi Kikwajuni, mwanzo wa kumbukumbu hiyo ni barua ya kuruhusiwa, ambayo hupaswa kutaja aina na ukubwa wa vipande, unene wa plastiki na pembe zilizopimwa baada ya upasuaji, pamoja na nakala ya picha ndefu. Daktari atakayemwona miaka mitano baadaye akilalamika maumivu atapiga picha ya pili kwa namna ile ile na kuzilinganisha: pembe ya kipande cha muundi ikiwa imebadilika, kipande kimelegea na kuzama; ikiwa ni ile ile, atatafuta maambukizi, atapima msokoto kwa CT, na hatasahau kuikagua nyonga, ambayo mara nyingi huuma yenyewe lakini maumivu yake yakasikika gotini.